Matope Niliyoyaanika

Siku ya tatu baada ya kumzika Madame Nsimire, kwenye matanga nyumbani kwao Nguba, papa mmoja, mzee wa kanisa lao, alisimama kutoa historia ya marehemu. Alisema alikuwa mwalimu mzuri wa kemia na mama wa watoto wanne. Alisema pia kwamba angekuwa daktari wa sayansi, lakini vita ilikula kazi yake. Watu wakatikisa kichwa. Wanawake waliokuwa wakipakua maharagwe wakaguna pamoja, ile sauti ya kukubali jambo lililokwisha kukubaliwa zamani. Mimi nikawaka hasira. Katika mji huu wa Bukavu vita imekuwa jalala: kila mtu hutupia humo uchafu wake kisha huenda zake akiwa safi. Barabara imebomoka, ni vita. Dawa zimeibwa, ni vita. Ndugu hawasemezani, ni vita. Vita ilikula mengi, nami niliyaona kwa macho yangu, lakini kuna mengine haikuyala, na kazi ya yule mama ni mojawapo. Nikasimama pale kati ya viti vya plastiki nikasema, "Si vita. Ni mimi." Yule papa wa kanisa akanijia, akanishika bega. "Papa Zihindula, ikala. Machungu njo inakusemesha. Vita ilitutesa sisi bote." Nikaketishwa, nikaletewa sahani. Walinisamehe kabla sijasema nimefanya nini, na msamaha ule ulinichoma kuliko tusi. Aline, binti yake mkubwa, peke yake ndiye aliyeniangalia bila huruma. Nilipokuwa natoka alinifuata hadi kwenye lango. "Papa, andika," akaniambia. "Hapa batu hawatakuacha umalize."

Basi naandika. Nina diploma ya sekondari tu, sehemu ya biolojia na kemia, na kwa diploma hiyo niliajiriwa kuwa mtayarishaji wa maabara katika kituo kidogo cha uchunguzi wa ziwa, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Kalehe. Kituo chenyewe hakipo tena. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mkoloni mmoja, yenye madirisha marefu yaliyoelekea majini, na chumba kimoja kisicho na dirisha ambamo zamani walihifadhi maziwa na siagi. Humo ndimo tulimoweka mabomba. Yalikuwa manane, ya plastiki, marefu kama mtu aliyelala, na ndani yake matope yaliyovutwa kutoka chini kabisa ya Ziwa Kivu. Wafaransa huyaita matope ya namna hiyo karoti, kwa hiyo majirani walinicheka kila asubuhi: "Eh, mukulima, karoti zimeota?" Nilikuwa naosha vyombo vya kioo, napima matope kwa mizani, naandika namba kwenye vichupa. Nilivaa koti jeupe, na niseme ukweli, nililipenda koti lile kupita kazi yenyewe.

Madame Nsimire alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, lakini alikuwa na digrii, na mimi sikuwa nayo. Aliniita papa, nami nilimwita madame. Alifika kila siku na bakuli mbili zilizofungwa kwa kitambaa, moja yake na moja yangu: ndizi za kuchemsha na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, vya kukaanga kwa pilipili, au bugali na sombe ya majani ya mihogo. Tulikula kwenye meza ileile ya vipimo, juu ya gazeti, na hapo ndipo aliponifundisha. Alipenda kufundisha akiwa na chakula mdomoni. "Ona, papa. Hii tope ni kitabu. Kila mwaka inaongeza ukurasa moja. Ukiona mustari mweusi, ujue mvua ilikuwa mingi, ziwa ilijaa, ikamwangika mu mto Ruzizi. Ukiona mweupe, mvua ilikosa. Maji inapunguka, chumvi na chokaa bikabakia bingi, chokaa ikashindwa kukaa mu maji, ikaanguka chini." Nilimwuliza kama mtu anaweza kweli kujua mvua ya wakati ambapo hata mababu wa mababu zetu hawajazaliwa. Akacheka. "Mutu anasahau. Chokaa haisahau." Tasnifu yake ilikuwa hiyo: kusoma ile mistari myeupe, kupima madini yake chini ya darubini, na kuonyesha ni mara ngapi nchi hii yetu ya mvua ilipata kiangazi kilichodumu miaka na miaka. Alitaka kulijua hilo kwa sababu alikuwa binti wa wakulima wa Kalehe. "Kama ilifika, itarudia," alikuwa akisema. "Nani atabaambia bale ba mihogo?"

Tena lazima niseme jambo ambalo lilinikasirisha tangu wakati ule, ingawa hasira hiyo hainifutii kosa. Kila bomba lilikuwa nusu. Yalipovutwa, miaka kadhaa kabla ya vita, wageni waliokuja na mashine ya kuvutia waliyapasua kwa urefu, kama unavyopasua mkate. Nusu moja ikapanda ndege, nusu ikabaki. Nusu yao ikaingia kwenye baridi isiyokatika. Nusu yetu ikaingia kwenye chumba cha siagi, chini ya mashine ya baridi iliyokohoa kama mgonjwa wa kifua. Wakaandika makala yao, na jina la Madame Nsimire likawekwa mwishoni kabisa, mahali pa shukrani, baada ya jina la mwenye mtumbwi. Alinionyesha ukurasa ule, akaukunja, akaniuliza kama pilipili inatosha.

Agosti ile ya vita yetu ya pili mji ulibadilisha mabwana katika siku chache. Asubuhi moja Madame alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, mume akimngoja barabarani na mizigo. Walikuwa wanakwenda kwa wazazi wake Kalehe. Hakuja kuaga. Alikuja kunipa amri. Alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha baridi, akanisomea. "Umeme ikikatika, uwashe groupe. Groupe ikikosa mazuti, uweke kitambaa ya maji juu ya plastiki, asubuhi na magharibi. Usifungue bomba hata moja. Ikinuka, iache inuke. Harufu haiue mutu." Nikamwambia nimesikia. "Rudilia," akasema. Nikarudilia kama mwanafunzi: kitambaa cha maji, asubuhi na magharibi, sifungui. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Papa Zihindula, mu hii nyumba yote nakuachia hizi munane tu. Bingine babebe."

Nao wengine walikuja kubeba. Jenereta yetu, ile tuliyoiita groupe, ilichukuliwa na ofisa mmoja aliyekuwa amejipatia nyumba nzuri mtaani Muhumba na alitaka friji yake ifanye kazi. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mali ya Serikali. Alikuwa kijana mwenye adabu, hata koti langu alilisifu. "Leta funguo, papa," akasema. "Groupe iko ya Etat, na Etat sasa njo sisi." Nikampa funguo. Kwa hilo sijilaumu. Mwenye bunduki hakuniuliza maoni yangu. Lakini watu husimulia habari ya groupe kana kwamba hadithi inaishia hapo, kwamba groupe ilipoondoka mabomba yakafa. Hapana. Karatasi ilikuwa bado mlangoni. Maji yalikuwepo, ziwa zima. Vitambaa vilikuwepo. Kwa majuma sita nilifanya kama nilivyoagizwa, na mabomba yalikuwa salama.

Kilichoniharibia ni akili yangu mwenyewe, ile niliyoiona kuwa kubwa. Chumba kilipata joto, na matope yale yana kiberiti, yaani salfa, ndani yake. Yalinuka mayai yaliyooza hadi barabarani. Kwenye mabomba matatu karibu na mlango niliona ukungu wa kijani chini ya plastiki. Nikaogopa. Nikajiuliza kwa nini naongeza maji juu ya kitu kinachooza. Sisi ni watu wa mihogo na sambaza. Tangu utoto nimeona kitu kikitaka kuoza kinaanikwa, na jua linakiponya: mihogo juu ya mawe, samaki juu ya mabati, maharagwe juu ya mkeka. Hakuna mama wa Kivu anayehifadhi kitu kwa kukimwagia maji. Nikasema, huyu madame amesoma vitabu vya nchi za baridi, hajui jua letu. Siku ya pili nikayatoa yale matatu uani, nikaondoa plastiki, nikayalaza juu ya mabati ya zamani, upande uliopasuliwa ukitazama mbingu. Mke wangu Cibalonza, ambaye wakati ule tulikuwa tumehamia naye pale kituoni kwa usalama, alikuwa akianika mihogo upande wa pili wa ua. Alisimama mikono kiunoni, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Espe, sasa unakausha udongo? Utatupikia yenyewe?"

"Acha. Hii ni sayansi."

"Sayansi gani inanuka vile? Na ile karatasi ya madame inasema nini?"

"Madame hayuko hapa. Mimi njo niko hapa."

Akanitazama kidogo. "Uko hapa, ndiyo," akasema, akarudi kwenye mihogo yake. Nimeyakumbuka maneno yale mara nyingi kuliko sala zangu.

Siku nne za jua. Siku ya kwanza harufu ilipungua, nikajisifu. Siku ya tatu matope yalianza kujivuta na kupasuka kama kisigino cha mtu anayelima. Siku ya nne niliona juu yake vumbi lililong'aa, kama mtu amesaga kioo akanyunyiza. Hapo nikajua nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni lipi. Na hapo pia ningeweza bado kuwa mtu. Ningeweza kuyaacha yalivyo, nikaandika kwenye daftari: tarehe fulani, bomba la kwanza, la pili na la tatu yalifunguliwa na Zihindula. Mstari mmoja tu. Badala yake niliyalowesha kwa maji, nikaziba nyufa kwa mgongo wa kijiko, nikasawazisha, nikafunga plastiki mpya, nikabandika namba zilezile. Nilifanya kazi safi. Kwa mikono hiyohiyo aliyoifundisha yeye.

Alirudi Novemba, kwa mtumbwi, amekonda, na siku ya pili tu alikuwa mezani na darubini yake, karibu na dirisha kwa sababu taa hazikuwepo. Kwanza alihesabu mabomba. Manane. Alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalia begani mwa koti langu. "Umebachunga," alisema, kana kwamba ni watoto. Nami nikapokea shukrani ile. Nilisema, "Ni kazi, madame."

Ilikuwa Januari aliponiita kwa kelele, nikakimbia nikidhani wanajeshi wamerudi. "Kuja uone! Kuja, papa, weka jicho!" Niliona chini ya darubini vipande virefu vyenye kung'aa, vyenye ncha, vizuri kama vito. "Ni jasi," akasema. "Chokaa tuko nayo popote, lakini jasi! Jasi haiwezi kukaa mu maji ya hii ziwa. Ili ipatikane, maji ilipaswa kukauka sana. Sana, papa! Batu ba kwetu Kalehe bangetembea na miguu mpaka ku kisiwa ya Idjwi!" Aliruka, mwanamke mzima, mama wa watoto. Halafu akatulia, akakunja uso, kwa maana alikuwa mtafiti wa kweli. "Lakini iko tu mu mabomba tatu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa nini?" Akageuka akaniangalia machoni. "Papa Zihindula, hizi tatu, kuna mutu alizifungua?"

"Hapana, madame."

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga una dawa. Hili la pili halikuwa la ujinga. Na sikuishia hapo, kwani mwongo akiogopa huwa mkarimu. Niliona bado anafikiri, nikamsaidia. "Labda ni kwa sababu hizo tatu zilitoka upande wa Kalehe," nikasema, "kule maji haina kilindi sana." Ilikuwa kweli kwamba zilitoka huko, namba zilionyesha. Uso wake ukafunguka. "Ah! Kule ingekauka kwanza. Papa, wewe unapaswa kusoma mbele!" Akaandika wazo langu kwenye daftari, na pembeni akaweka jina langu, ili asije akasahau kunishukuru. Sura nzima ya tasnifu yake ilijengwa juu ya uongo ule. Miezi mitatu niliisikia ikijengwa: kalamu ikikwaruza, mguu wake ukigonga sakafu, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo. Sasa najua kilichotokea. Nilikuja kukisoma baadaye katika kitabu kimoja cha kemia kilichokuwa mali yake. Kile kiberiti cha matope, kikikutana na hewa, hugeuka kuwa asidi. Asidi hula chokaa. Kinachobaki ni jasi. Kile kiangazi kikubwa cha Ziwa Kivu alichokigundua kilidumu siku nne, na mahali pake palikuwa uani kwetu, karibu na mihogo ya Cibalonza.

Alituma matokeo yake kwa wale wageni wenye nusu nyingine. Jibu lilifika mwezi wa sita, kupitia msafiri wa misheni, ukurasa mmoja. Nusu yao ya mabomba yaleyale haikuwa na jasi hata chembe. Waliandika kwamba kwa hali ya kazi iliyopo Bukavu, vipimo vyote vya Madame, hata vya yale mabomba matano mengine, haviwezi kutegemewa. Vyote! Mabomba matano yaliyokuwa salama kama yao, niliyoyalowesha asubuhi na magharibi kwa mkono wangu, yakahukumiwa pamoja na yale matatu. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa na ufunguo. Hakuna aliyejitolea kumrudishia hata kipande cha nusu waliyoichukua. Na chef, yaani mkuu wa kituo, Papa Byamungu, ambaye wakati wote wa vita alikuwa amejificha kwa shemeji yake huko Walungu, ndiye aliyeusoma ukurasa ule kwa sauti ofisini, mlango wazi. Nilikuwa kwenye korido na ndoo. Nilimsikia akicheka puani. "Nilisema mimi. Darubini ya mwanamke ni ungo. Achague nayo maharagwe." Kisha nikamsikia Madame: "Chef, nitatafuta kosa yangu." Kosa yangu, alisema. Nilisimama na ndoo. Mlango ulikuwa hatua tano kutoka kwangu. Nilihesabu zile hatua, sikuzitembea, kwa sababu ya koti jeupe, kwa sababu nilikuwa mtu mwenye kazi katika mji usio na kazi. Nina hasira na wageni wale, na nina hasira na Byamungu, Mungu amrehemu alipo. Lakini hasira hizo ni rahisi, mtu anaweza kuzibeba hata akiwa na miaka themanini. Ile ya zile hatua tano ndiyo nzito.

Majuma mawili alitafuta kosa lake. Alipima maji, alipima kioo, alipima sabuni niliyooshea vyombo. Aliniuliza mara ya pili, kwa upole, akila, kama mtu anayemrahisishia mwenzake: "Papa, wakati wa vita bintu bingi bilifanyika. Hata kama bomba lilifunguka kidogo tu, unaweza kuniambia. Siwezi kukasirika." Alikuwa amenifungulia mlango, na bakuli la sombe lilikuwa kati yetu. Nilisema, "Madame, nilirudilia maneno yako kila siku. Sikufungua." Akatikisa kichwa polepole. Akaacha chakula chake nusu, akaenda dirishani.

Siku iliyofuata aliandika barua. Alikuwa na desturi ya kunisomea barua zake, eti sikio langu linasikia Kifaransa kinapochechemea. Akanisomea na hii. Aliandika kwamba mabomba yalikuwa chini ya uangalizi wake. Kwamba katika kuchukua sampuli, yeye mwenyewe bila shaka aliyaacha wazi kwa hewa. Kwamba mtayarishaji wake, aliyemtaja kwa jina langu lote, aliyahifadhi kwa uaminifu katika nyakati ngumu na hana lawama yoyote. Aliomba radhi. Aliomba vipimo vya mabomba matano visitupwe. Aliacha kusoma, akauliza, "Kifaransa inatembea?"

"Inatembea, madame."

Posta haikufanya kazi. Alinipa niipeleke mpakani, Ruzizi, kwa sista mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Cyangugu kisha Ulaya. Njia ni ya kushuka, na ilikuwa asubuhi yenye mwanga mzuri. Ningeweza kuichana. Ningeweza kurudi. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliifungua, akaigeuza juu chini, akaniuliza ndani kuna siri gani. Nikamwambia hakuna siri. Akanirudishia, akaniambia, "Pita, papa." Nikapita. Nikampa sista mkononi, nikangoja hadi alipovuka daraja, kisha nikapanda mlima kurudi kazini.

Katika mwaka ule barua za watu wengi zilipotea njiani, na mizigo, na watu wenyewe. Ile ilifika, na ndiyo iliyoifunga tasnifu yake na kumpeleka kufundisha kemia. Walimjibu kwamba wameipokea, na kwamba wanamshukuru kwa ukweli wake.